Umeme katika visiwa vya Ziwa Victoria: Nani hulipa gharama ya kuvuka maji?

KILA mwezi Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya huchapisha tangazo ambalo ni wachache mno wanaolisoma. Ni tangazo la gharama ya mafuta itakayoongezwa kwenye kila uniti ya umeme itakayouzwa nchini. Ndani yake mna jedwali la vituo vya kuzalisha umeme kwa mafuta. Baada ya mitambo mikubwa ya Mombasa na Athi River hufuata majina ya vituo vidogo vya dizeli visivyofikiwa na gridi ya taifa: Mandera, Wajir, Faza katika kisiwa cha Pate, na vinginevyo. Miongoni mwake limekuwa likitajwa pia jina la kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria, nacho ni Mfangano.

Maana yake ni rahisi kueleza, ingawa si rahisi kuikubali kwa kila mtu. Fundi cherehani wa Kondele mjini Kisumu, anaponunua tokeni kwa simu yake, hulipa senti kidogo za dizeli inayochomwa Mfangano. Vivyo hivyo mwenye hoteli wa Malindi na mkulima wa Nyeri. Mkazi wa Mfangano kwa upande wake hulipa bei ile ile wanayolipa wao, ijapokuwa umeme wake umetengenezwa kwa mafuta yaliyovushwa ziwani. Lakini katika visiwa vidogo jirani, ambako wavuvi ni wale wale na samaki ni wale wale, hesabu ni nyingine kabisa. Huko kampuni ya kibinafsi huuza umeme wa jua kwa bei inayofidia gharama yake yote, na hakuna fundi cherehani wa Kondele anayesaidia kulipa.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala la umeme visiwani. Teknolojia ipo. Lililobaki bila jibu ni nani abebe gharama ya kuvuka maji.

Visiwa vyenyewe

Upande wa Kenya wa ziwa hili ni mdogo, takriban asilimia sita tu ya eneo lote, lakini una visiwa vingi. Katika Kaunti ya Homa Bay kuna Rusinga, Mfangano, Takawiri, Remba na Ringiti. Katika Kaunti ya Siaya kuna Mageta, ambacho serikali ya kikoloni ilikitumia kuwazuilia wafungwa wa Mau Mau katika miaka ya 1950, na jirani yake Ndeda. Kusini zaidi, kwenye Kaunti ya Migori, kuna Migingo, mwamba mdogo uliojulikana dunia nzima mwaka 2009 Kenya na Uganda zilipougombania.

Visiwa hivi havifanani. Rusinga, alikozikwa Tom Mboya, si kisiwa kamili tena: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kimeunganishwa na mji wa Mbita kwa tuta la mawe na udongo, ambalo baadaye lilifunguliwa na kujengewa daraja ili maji ya ziwa yapite. Palipo na barabara, nguzo hufuata. Nyaya za gridi ya taifa zilivuka mlango huo mwembamba, na kwa Kenya Power mteja wa Rusinga ni sawa na mteja wa Mbita au Homa Bay mjini. Mfangano, kilicho magharibi ya Rusinga, hakina bahati hiyo. Ni kisiwa kikubwa chenye mlima katikati, michoro ya kale ya miambani na jamii ya Abasuba ambayo lugha yake imo hatarini kutoweka. Kukifikia ni lazima kupanda feri au mashua. Remba na Ringiti ni visiwa vidogo sana vilivyojaa mabanda ya mabati yaliyobanana, ambako watu huhama na kurudi kwa kufuata samaki.

Kwa mhandisi wa umeme tofauti hizi ni kubwa. Kisiwa chenye mashamba na shule zilizotawanyika kinahitaji nyaya ndefu kwa wateja wachache. Kisiwa kilichobanana kinahitaji nyaya fupi, ila wateja wake wanaweza kuondoka msimu ukibadilika.

Mtambo wa dizeli

Kituo cha Mfangano kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 2000 chini ya mpango wa serikali wa kusambaza umeme vijijini. Mpango huo ulianzishwa mwaka 1973, lakini kwa miongo mitatu ulikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Sheria ya Kawi ya 2006 ndiyo iliyozaa mamlaka maalumu ya umeme wa vijijini, ambayo Sheria ya Kawi ya 2019 iliigeuza kuwa shirika la REREC na kulipa pia jukumu la kawi mbadala. Fedha zake hutoka kwenye hazina ya taifa, kwa wafadhili na kwenye ushuru wa asilimia tano unaokatwa katika kila bili ya umeme. Ujenzi ni wa shirika hilo. Kuendesha mitambo na kuuza umeme ni kazi ya Kenya Power.

Katika taarifa za miaka ya 2010 uwezo wa kituo hicho uliorodheshwa kuwa takriban nusu megawati. Ili msomaji apate kipimo, mtambo wa maji wa Sondu Miriu ulioko Nyakach, ng'ambo ya ghuba, una uwezo wa megawati 60. Yaani Mfangano nzima ingeweza kuhudumiwa na sehemu moja kati ya mia moja na ishirini ya mtambo ulio upande wa pili wa maji yale yale.

Jenereta ya dizeli ina tabia ambayo wateja hawaioni. Hufanya kazi vizuri inapobebeshwa mzigo ulio karibu na uwezo wake. Ikizungushwa kwa mzigo mdogo hula mafuta mengi kwa kila uniti na hujaa masizi ndani. Matumizi ya kisiwani kwa kawaida ndiyo hayo yasiyoipendeza: mchana ni madogo, kisha kati ya saa moja na saa nne usiku kila nyumba huwasha taa na runinga kwa pamoja. Hivyo mtambo unaotosha saa mbili usiku huwa mkubwa kupita kiasi saa nane mchana. Zaidi ya hayo, kila lita ya dizeli lazima isafirishwe kwa barabara hadi ufuoni, kisha ivushwe, na kipuri kikihitajika hufuata njia hiyo hiyo.

Licha ya hayo, kwa mteja wa kawaida Mfangano ina neema mbili. Ya kwanza ni bei. Kenya hutoza bei moja ya umeme wa Kenya Power nchi nzima, uwe umetoka kwenye mvuke wa Olkaria au kwenye pipa la dizeli. Katika viwango vilivyoanza kutumika Aprili 2023, mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 30 kwa mwezi alipangiwa Sh12.22 kwa uniti, na yule wa kati ya uniti 30 na 100 alipangiwa Sh16.30, kabla ya ushuru na ada nyingine. Neema ya pili ni ya ajabu kidogo. Gridi ya taifa ilipoanguka usiku wa 25 Agosti 2023 na kuiacha nchi karibu yote gizani, pamoja na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, mtambo unaojitegemea haukuwa na gridi ya kuanguka nayo.

Na gridi yenyewe ya magharibi mwa Kenya haijawahi kuwa mfano wa uthabiti. Kwa miaka mingi Kisumu na maeneo ya jirani yamekuwa mwisho wa waya mrefu unaotoka Bonde la Ufa kupitia Lessos. Umeme ulifika ukiwa umechoka, na taa za jioni zilionyesha hivyo. Ndiyo sababu mwaka 2016 kampuni ya KenGen ilihamisha mitambo ya gesi kutoka Embakasi, Nairobi, hadi Muhoroni ili kuipa nguvu sehemu hii ya nchi. Mitambo hiyo huchoma mafuta, nayo gharama yake huingia katika jedwali lile lile la Gazeti Rasmi. Anayelalamika kwamba Mfangano inabebwa na wengine inafaa akumbuke kwamba Kisumu nayo imebebwa.

Kwa nini isiwe waya wa chini ya maji?

Swali hili huulizwa kila mara, na jibu lake limo Zanzibar. Unguja ilianza kupata umeme wa Tanzania Bara mwaka 1980 kupitia waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mei 2008 njia hiyo iliharibika na kisiwa kikakaa takriban mwezi mmoja bila umeme. Desemba 2009 ikaharibika tena, na mara hiyo giza lilidumu hadi Machi 2010, kiasi cha miezi mitatu. Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka huo wa 2010, na mwaka 2013 Unguja ikapata waya mpya wenye uwezo wa megawati 100.

Unguja ina mji, hoteli, bandari na watu wa kutosha kuulipia waya wa namna hiyo. Mfangano yenye mahitaji yasiyofika megawati moja haina. Gharama ya kulaza waya haipungui sana eti kwa sababu umeme utakaopita ni mdogo. Meli, wapimaji, wapiga mbizi na ulinzi dhidi ya nanga na nyavu ni vile vile. Katika maji haya ambako nyavu hutupwa usiku kucha, hofu ya waya kukatwa si ya kubuni.

Upande wa Uganda kisiwa cha Bugala katika kundi la Ssese kilifuata njia ya katikati. Katika miaka ya 2010 kilijengewa mfumo wa megawati 1.6 unaochanganya jua na dizeli, chini ya mradi mmoja ulioshughulikia pia feri, barabara na maji. Mantiki yake inaeleweka. Umeme peke yake haujilipi kisiwani, lakini umeme pamoja na feri na barafu huzaa biashara inayoweza kulipa.

Taa ya mvuvi

Kabla ya nguzo na mitambo, nuru iliyotafutwa zaidi katika ziwa hili haikuwa ya nyumbani. Ilikuwa ya mashuani. Omena huvuliwa katika usiku wa giza kwa kuwavuta na mwanga, na kwa miaka mingi mwanga huo ulitoka kwenye karabai. Mwenye kuitazama Mbita usiku usio na mwezi angeweza kudhani kuna mji mwingine juu ya maji. Mafuta taa ya karabai yalikula sehemu kubwa ya mapato ya mvuvi, mbali na vioo vinavyopasuka na moto unaozimwa na upepo.

Mwaka 2008 kampuni ya taa ya Ujerumani, OSRAM, ilifungua Mbita kituo cha kuchajia kwa jua chini ya mradi ulioitwa Umeme Kwa Wote. Mvuvi hakuuziwa mtambo. Alikodi taa iliyojaa chaji, akaenda nayo ziwani, akairudisha asubuhi. Baadaye wakfu wa Siemens ulijiunga, vituo vikaongezeka, na tangu 2019 shughuli hizo zimeendeshwa na kampuni ya kijamii iitwayo WeTu, ambayo pia huuza maji safi. Huu si umeme kwa maana ya Kenya Power, wala hauonekani katika takwimu za waliounganishwa. Lakini kwa mvuvi wa omena huenda umekuwa na maana kubwa kuliko nguzo iliyosimama nje ya nyumba yake.

Jaribio jingine lilifanyika Rusinga na halikuwa la umeme hata kidogo. Kati ya 2012 na 2015 kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, chenye kampasi Mbita, pamoja na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, kiliweka mitego ya mbu inayotumia harufu katika nyumba zaidi ya 4,000 kisiwani humo. Mtego ulihitaji kipepeo, kipepeo kilihitaji umeme, na nyumba nyingi wakati huo hazikuwa nao. Hivyo kila nyumba ilipewa kipande cha sola, betri, taa mbili na mahali pa kuchajia simu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 2016: kiwango cha malaria kilikuwa chini kwa asilimia 29.8 katika nyumba zenye mitego kuliko zile ambazo hazijawekewa. Kwa watafiti taa zilikuwa nyongeza. Kwa wenye nyumba, mtego ndio ulikuwa nyongeza. Utafiti ulipomalizika likabaki swali ambalo humaliza miradi mingi ya sola: betri ikifa, nani atanunua nyingine?

Umeme wa kibinafsi

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni changa iliyoitwa access:energy ilikuwa Kisumu ikifundisha mafundi kuunda mashine za upepo kutokana na vyuma chakavu. Baadaye iligeukia gridi ndogo za jua katika visiwa vya ziwa, kisha ikabadilisha jina kuwa SteamaCo, kwa kuazima neno la mitaani "stima", na hatimaye ikajikita katika kutengeneza mita na programu za kutoza malipo kwa simu. Safari hiyo inaeleza mengi. Kampuni iligundua kuwa ugumu wa kuuza umeme visiwani haukuwa katika kuutengeneza bali katika kuukusanyia pesa, na M-Pesa iliyozinduliwa 2007 ndiyo iliyolifumbua fumbo hilo. Mteja hutuma shilingi chache, mita hufunguka, zikiisha, hujifunga. Hakuna msomaji wa mita wa kuvushwa kwa mashua.

Wengine walifuata. Renewvia, kampuni ya Marekani, ilijenga gridi ndogo za jua katika Ndeda na Ringiti. Mfumo wa namna hii ni mdogo sana, wa makumi ya kilowati tu. Vipande vya sola hujaza betri mchana. Usiku betri hupitisha umeme kwenye inveta hadi nyumbani, kwenye kinyozi, kwenye baa na kwenye ukumbi wa kuonyesha kandanda ya Uingereza. Mzigo mzito, kama jokofu la kugandisha samaki au mashine ya kusaga, huhitaji mpango maalumu, kwa kuwa jokofu moja kubwa linaweza kunywa chaji iliyokusudiwa taa za nyumba nyingi.

Hapo ndipo bei inapouma. Bila ruzuku, mwekezaji lazima arudishe gharama ya vipande, betri, nyaya na usafiri kutoka kwa wateja mia chache wanaotumia uniti chache kila mmoja. Katika gridi ndogo za kibinafsi nchini Kenya bei ya uniti imekuwa mara kadhaa ya ile ya Kenya Power, na imeidhinishwa na mdhibiti, ambaye tangu 2019 anaitwa EPRA. Kampuni hujitetea kwamba mteja hapaswi kulinganisha na Kenya Power bali na mafuta taa, betri kavu na jenereta ya petroli ya jirani, na kwa taa na simu hoja hiyo ina nguvu. Kwa barafu haina. Mbuta huharibika haraka, na mvuvi asiye na barafu huuza kwa bei anayotajiwa na mwenye boti la mizigo lililokuja na barafu yake kutoka bara. Umeme wa bei ghali humwezesha mvuvi kuona bei mbaya anayopewa, haumwezeshi kuikataa.

Kuna waliojaribu kuiondoa tofauti hiyo kwa amri. Katika Ukara, kisiwa cha Tanzania ambacho wengi walikisikia Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu nacho, kampuni ya Jumeme ilianza kuuza umeme wa jua mwaka 2016. Bei ilikuwa kubwa, malalamiko yakafika serikalini, na mwaka 2020 ikaagizwa ishushwe hadi Sh100 za Tanzania kwa uniti, sawa na bei ya TANESCO vijijini. Wateja walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini amri haikuja na fedha za kuziba pengo, na biashara isiyorudisha gharama haiongezi vipande vya sola wala haibadilishi betri.

Kenya haijatoa amri kama hiyo, wala haijaziba pengo. Mradi mkubwa wa umeme wa jua kwa maeneo yasiyo na gridi, KOSAP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa dola milioni 150, ulilenga kaunti 14 zilizohesabiwa kuwa zimeachwa nyuma. Katika gridi zake ndogo mteja alipangiwa bei ya taifa, kama ilivyo Mfangano. Lamu imo katika orodha hiyo, na Turkana, na Mandera. Homa Bay, Siaya na Migori hazimo. Kwa kipimo cha kaunti nzima uamuzi huo unaeleweka, maana Homa Bay mjini kuna umeme na Bondo kuna umeme. Lakini kaunti hupimwa kwa wastani, na kisiwa kilicho kilomita kadhaa kutoka ufuo wenye taa huhesabiwa pamoja na taa za ufuo huo.

Kwa Remba, Ringiti na Ndeda njia zinazojadiliwa na wataalamu wa kawi ni tatu: kuziingiza gridi za kibinafsi katika bei moja ya taifa na kumlipa mwekezaji tofauti, kulipia vifaa kwa ruzuku na kumwachia mwekezaji gharama ya uendeshaji tu, au serikali kujenga na kuendesha yenyewe kama ilivyofanya Mfangano, safari hii kwa jua badala ya dizeli. Njia zote tatu zina mlipaji mmoja, naye ni mnunuzi wa tokeni au mlipa kodi wa bara. Ya kwanza ingeongeza senti chache katika lile jedwali la kila mwezi, karibu na mstari wenye jina la Mfangano.